Kubadili ukubwa wa sekta ya SSD kwenye Linux: kutoka baiti 512 hadi 4096

Amri inayobadili ukubwa wa sekta kwenye SSD (diski ya chipu) ya NVMe, aina inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama, ni mstari mmoja tu, na kwenye diski nyingi humaliza kazi yake ndani ya sekunde chache. Kazi yenyewe iko kabla na baada ya mstari huo. Kabla, kwa sababu amri hiyo inafuta kila kilichomo ndani ya diski. Baada, kwa sababu chochote kilichoandikwa kwa hesabu ya sekta za zamani kinapoteza maana: jedwali la partisheni, partisheni ya kuwashia kompyuta, hata ile nakala ya diski nzima uliyoitunza ukidhani itakuokoa. Huko ndiko watu wengi wanakokwama, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Sekta ni nini, na unaibadili ya nini

Sekta ni kipande kidogo kabisa ambacho kompyuta inaweza kuiomba diski ikisome au ikiandike. Kerneli, yaani kiini cha Linux, haiombi baiti 100. Inaomba sekta moja, au kumi, au elfu. Kwa miongo mingi sekta ilikuwa baiti 512. Watengenezaji wa diski za sahani walikubaliana kwamba kuanzia Januari 2011 diski mpya za kompyuta za mezani na za mpakato zitumie sekta za baiti 4096. Ili programu za zamani zisigome, nyingi ya diski hizo ziliendelea kujitambulisha kwa 512 huku ndani zikifanya kazi kwa 4096.

SSD zimerithi mazoea hayo. Ndani ya SSD hakuna kitu cha baiti 512. Chipu zake huandikwa kwa kurasa za kilobaiti kadhaa, na ramani inayoonyesha data gani iko wapi kwa kawaida huhesabu vipande vya kilobaiti 4. Ukiiandikia baiti 512 peke yake, diski hulazimika kusoma kipande kizima, kubadili sehemu moja ya nane, kisha kukiandika kizima mahali pengine.

Je, utaona kasi mpya? Niseme wazi ili usiingie gharama ya bure: kwa matumizi ya kawaida tofauti ni ndogo. Mifumo ya faili kama ext4 na btrfs tayari huandika kwa vipande vya 4096 hata diski inapojitambulisha kwa 512. Mabadiliko yana maana zaidi pale programu inapoiamini kauli ya diski na kupanga mambo yake kwa kuifuata. ZFS, mfumo mwingine wa faili, kwa mfano, huchagua kipimo chake cha ukubwa wa sekta, `ashift`, inapounda hifadhi, na ikishakichagua hakibadiliki kwa vifaa hivyo. LUKS, mfumo wa Linux wa kusimba diski, nayo husimba kila sekta peke yake, kwa hiyo kilobaiti 4 ni safari nane za usimbaji kwa sekta za 512 na safari moja kwa sekta ya 4096.

Msimamo wangu ni huu: diski mpya ambayo bado hujaiwekea mfumo, ibadili. Ni dakika tano za kazi na hutahitaji kurudi tena. Diski ambayo imeshatulia na inafanya kazi vizuri, usiibomoe kwa ajili ya kasi. Kama una sababu nyingine ya kuipanga upya, hapo unganisha kazi mbili kwa pamoja.

Jambo moja la kuangalia mapema ni namna kompyuta inavyowaka. Kuwasha mfumo kutoka diski ya sekta 4096 kunahitaji UEFI, programu ya ubao mama inayowasha kompyuta za kisasa. Kama kompyuta yako bado inawaka kwa njia ya BIOS ya zamani, diski ya mfumo iache ilivyo. Kama ipo Windows kwenye diski hiyohiyo, Windows 8 na zilizofuata zinazikubali sekta za 4096, ila nazo zitafutika pamoja na vingine vyote.

Kuijua diski yako

Sakinisha kifaa cha NVMe. Kwenye Debian na Ubuntu:

```
sudo apt install nvme-cli
sudo nvme list
```

Orodha itakuonyesha kila diski, namba yake ya pekee, modeli, na safu ya `Format` inayosema `512 B + 0 B` au `4 KiB + 0 B`. Namba ya pekee iandike kwenye karatasi. Majina kama `nvme0` na `nvme1` hutolewa kwa mpangilio ambao kerneli imezikuta diski, na kwenye kompyuta yenye diski mbili yanaweza kubadilishana ukiwasha upya. Namba ya pekee haibadiliki.

Zingatia pia umbo la majina yenyewe. `/dev/nvme0` ni kidhibiti cha diski. `/dev/nvme0n1` ni eneo la kwanza la hifadhi lililo chini ya kidhibiti hicho, na ndilo tutakalolifomati. `/dev/nvme0n1p1` ni partisheni ndani ya eneo hilo.

Sasa iulize diski inakubali ukubwa gani:

```
sudo nvme id-ns -H /dev/nvme0n1 | grep "LBA Format"
```

Jibu la diski inayokubali zote mbili linafanana na hili:

```
LBA Format  0 : Metadata Size: 0   bytes - Data Size: 512 bytes - Relative Performance: 0x2 Good (in use)
LBA Format  1 : Metadata Size: 0   bytes - Data Size: 4096 bytes - Relative Performance: 0x1 Better
```

Soma kila mstari kwa utulivu. Namba ya mwanzo, 0 au 1, ndiyo utakayoitaja kwenye amri. `Data Size` ni ukubwa wa sekta. `in use` inaonyesha unaotumika sasa. `Relative Performance` ni tathmini ya mtengenezaji mwenyewe, na namba ndogo ndiyo bora: 0 ni bora kabisa, 3 ni dhaifu. Hailinganishi diski yako na ya mwingine; inalinganisha mistari ya diski hiyo moja.

`Metadata Size` iwe 0. Diski za seva huwa na mistari ya ziada yenye baiti 8 au zaidi za metadata kwa kila sekta. Hizo zina matumizi yake maalumu, na ukichagua mmoja wao bila kuuhitaji, kerneli inaweza kulionyesha eneo hilo likiwa na ukubwa wa sifuri.

Kama umeona mstari mmoja tu wa 512, safari imeishia hapo. Samsung 970 EVO, kwa mfano, ina mstari mmoja, ilhali WD Black SN850 inatoka kiwandani ikiwa 512 na inakubali 4096. Uamuzi huo umo ndani ya programu ya diski yenyewe. Hakuna amri ya Linux inayoweza kuongeza mstari ambao haupo.

Ukiwa hapo, angalia jambo moja zaidi:

```
sudo nvme id-ctrl -H /dev/nvme0 | grep -i format
```

Unatafuta uthibitisho kwamba kufomati kunaruhusiwa, na kama kufomati kunagusa eneo moja au maeneo yote ya diski kwa mpigo. Diski za kawaida zina eneo moja tu, hivyo hilo la pili halitakusumbua. Kwenye seva yenye diski iliyogawanywa maeneo kadhaa, linaweza kufuta kazi ya mtu mwingine.

Jizoeze kwenye faili kwanza

Hatua hii watu huiruka, nami nakuomba usiiruke. Linux inaweza kulichukua faili la kawaida na kulifanya lijifanye diski yenye sekta za ukubwa unaoutaka. Hakuna kinachofutwa, na utaona kwa macho yako kile ambacho maelezo hayatoshi kukionyesha.

```
truncate -s 2G jaribio.img
sudo losetup -f --show -P --sector-size 4096 jaribio.img
```

Amri ya pili itakujibu jina, tuseme `/dev/loop0`. Ligawe na uliangalie:

```
sudo parted -s /dev/loop0 mklabel gpt mkpart data ext4 1MiB 100%
sudo fdisk -l /dev/loop0
```

Partisheni itaonekana inaanza sekta ya 256, siyo 2048 uliyoizoea. Ni mahali palepale, mebibaiti moja kutoka mwanzo: 256 mara 4096 ni sawa na 2048 mara 512. Sasa lifunge faili na ulifungue tena, safari hii kwa sekta za 512:

```
sudo losetup -d /dev/loop0
sudo losetup -f --show -P --sector-size 512 jaribio.img
lsblk /dev/loop0
```

Partisheni haipo. Hakuna baiti hata moja iliyobadilika ndani ya faili, lakini partisheni imetoweka. Sababu ni kwamba kichwa cha GPT, jedwali la partisheni tulilounda, hukaa kwenye sekta namba 1. Kwa sekta za 4096 kiliandikwa kwenye baiti ya 4096. Sasa kerneli inakitafuta kwenye baiti ya 512, na pale hakuna kitu. Ukishaliona hili kwenye faili la majaribio, utaelewa yote yanayofuata.

Nakala ya akiba: chukua mafaili, siyo sekta

Njia iliyozoeleka ya kunakili diski nzima ni `dd`, au programu zinazofanya kazi kama `dd`. Kwa kazi hii njia hiyo haifai, kwa sababu inabeba jedwali la GPT na mifumo ya faili pamoja na hesabu zake za zamani. Nililijua hilo kwa uchungu. Nilikuwa na nakala ya `dd` peke yake, nikaibadili diski kuwa 4096, nikaimimina nakala yote ndani yake, kisha nikatazama `lsblk` ikinionyesha diski tupu. Data ilikuwepo yote, ila haikuwa na mlango wa kuingilia.

Kama nawe una nakala ya aina hiyo, usiitupe. Ifungue kama tulivyofungua faili la majaribio, kwa kusoma tu na kwa sekta za 512, halafu uyatoe mafaili humo:

```
sudo losetup -f --show -r -P --sector-size 512 diski-ya-zamani.img
sudo mount -o ro /dev/loop0p2 /mnt/zamani
```

Nakala sahihi ya kazi hii ni ya mafaili. Washa kompyuta kwa fleshi ya USB yenye Linux isiyohitaji kusakinishwa (ya Debian, Ubuntu au SystemRescue yatosha), fungua partisheni zako kwa `mount` (hapa ni `/mnt/mfumo` na `/mnt/efi`, na diski ya akiba ni `/mnt/akiba`), kisha nakili kwenda diski nyingine:

```
sudo rsync -aHAXx --numeric-ids /mnt/mfumo/ /mnt/akiba/mfumo/
sudo rsync -aHAXx --numeric-ids /mnt/efi/ /mnt/akiba/efi/
```

Diski ya akiba iwe na mfumo wa faili wa Linux kama ext4. Ukinakili kwenda exFAT au FAT32 utapoteza ruhusa, umiliki na viungo vya mafaili, na mfumo utakaourudisha utakuwa mgonjwa. Kama `/home` iko kwenye partisheni yake, inakili peke yake, kwa sababu `x` iliyomo kwenye `-aHAXx` huizuia rsync kuvuka kwenda mfumo mwingine wa faili.

Andika pia sura ya diski ilivyo sasa:

```
lsblk -f > /mnt/akiba/sura.txt
sudo sfdisk --dump /dev/nvme0n1 > /mnt/akiba/jedwali.txt
```

Faili la `jedwali.txt` ni la kukumbushia tu. Usilirudishe kwenye diski baada ya kubadili sekta. Namba zilizomo ni hesabu ya sekta, na `sfdisk` itazitumia kwa ukubwa mpya wa diski bila kuzigeuza. Partisheni iliyoandikwa `size=2097152`, yaani gibibaiti 1 kwa sekta za 512, itataka kuwa gibibaiti 8, na ile kubwa ya mwisho haitaenea kabisa.

Kabla ya kusonga, fungua mafaili matatu au manne kutoka kwenye akiba na uyasome. Ukubwa wa folda peke yake hauthibitishi kitu.

Siku ya kazi

Chomeka kompyuta kwenye umeme. Diski nyingine zinazoweza kuchomolewa, zichomoe. Diski isiyokuwepo haiwezi kufomatiwa kwa bahati mbaya. Washa kwa fleshi ya USB, kisha rudia `nvme list` na ulinganishe namba ya pekee na ile uliyoandika kwenye karatasi.

Hakikisha hakuna kinachoishikilia diski. Mifumo mingine ya USB hukuta swapu (eneo la kusaidia RAM) kwenye diski na kuanza kuitumia bila kukuuliza:

```
sudo swapoff -a
sudo umount /dev/nvme0n1p*
sudo vgchange -an
lsblk /dev/nvme0n1
```

`vgchange` inakuhusu kama unatumia LVM, mfumo unaounganisha diski kuwa kundi moja la hifadhi. Kama ulikuwa umefungua LUKS, ifunge kwa `cryptsetup close`. Mwishoni `lsblk` isionyeshe mahali popote palipofunguliwa.

Sasa mstari wenyewe:

```
sudo nvme format /dev/nvme0n1 --lbaf=1
```

Namba 1 imetoka kwenye orodha niliyoionyesha juu. Kwenye diski yako mstari wa 4096 unaweza kuwa na namba nyingine, kwa hiyo tumia uliyoisoma kwenye diski yako. Ukipenda, `--block-size=4096` huitafuta namba hiyo kwa niaba yako. Mimi hupendelea kutaja namba, kwa sababu inanilazimisha kuisoma orodha mara ya pili.

Matoleo mapya ya nvme-cli hukuonya, kisha husubiri sekunde 10 ili uweze kughairi kwa Ctrl-C. Zitumie kulisoma jina la diski tena. Kazi ikiisha utaona:

```
Success formatting namespace:1
```

Kama unataka data ya zamani ifutwe kwa makusudi na isiweze kurudishwa, ongeza `--ses=1`, au `--ses=2` kwa diski inayosimba data zake yenyewe: hiyo huharibu ufunguo wa usimbaji, na yote yaliyosimbwa nao hayasomeki tena. Kwa kubadili sekta peke yake hayo hayahitajiki.

Kuhakiki

```
sudo nvme id-ns -H /dev/nvme0n1 | grep "in use"
lsblk -o NAME,SIZE,PHY-SEC,LOG-SEC /dev/nvme0n1
```

Safu ya `LOG-SEC` iwe 4096. Kama diski inasema 4096 lakini kerneli bado inasema 512, kerneli haijasikia habari. Jaribu `sudo nvme reset /dev/nvme0`, na ikishindikana washa upya kompyuta. Usianze kugawa partisheni kabla hizo mbili hazijakubaliana.

Kuna mtego mmoja wa macho hapa. Ukisoma `/sys/block/nvme0n1/size` utakuta namba ileile ya jana, na unaweza kudhani hakuna kilichotokea. Faili hilo la kerneli huhesabu kwa vipande vya 512 daima, diski iwe ya aina gani. Namba inayobadilika ni `nsze` ndani ya `nvme id-ns`. Kwenye diski ya terabaiti 1 yenye sekta 1,953,525,168, inashuka hadi 244,190,646, yaani sehemu moja ya nane kamili. Amri huionyesha kwa hesabu ya kumi na sita, lakini kushuka kwake kunaonekana tu.

Diski ikikataa

Ikijibu kwamba ukubwa huo haukubaliki, umekosea namba ya mstari. Ikijibu kwamba kifaa kina shughuli, bado kuna partisheni, swapu au LVM inayoishikilia. Itafute badala ya kuongeza `--force`.

Kukataa kunakosumbua zaidi ni kwa diski iliyofungwa na ubao mama. Baadhi ya kompyuta huzuia amri za kufomati tangu zinapowaka. Ilaze kompyuta kwa `systemctl suspend`, iamshe, na ujaribu tena mara moja. Mara nyingi kufuli huachia inapoamka. Angalia pia kwenye mipangilio ya UEFI kama kuna nywila ya diski au kinga ya kufutwa. Na kama SSD umeiweka kwenye kasha la USB, itoe uiweke ndani ya kompyuta. Kasha hutafsiri amri za USB kwenda NVMe, na mengi hayapitishi amri hii. Yapo pia yasiyoweza kuisoma diski ikishakuwa ya 4096.

Kuijenga upya

Partisheni zitaje kwa mebibaiti, kamwe siyo kwa sekta, nawe utaepuka hesabu zote za nane:

```
sudo parted -s /dev/nvme0n1 mklabel gpt \
  mkpart EFI fat32 1MiB 1025MiB set 1 esp on \
  mkpart mfumo ext4 1025MiB 100%
```

Kwa nini gibibaiti nzima kwa partisheni ya EFI, ile ya kuwashia kompyuta? FAT32, mfumo wake wa faili, inahitaji angalau klasta (vipande vya kugawia mafaili) 65,525, na klasta haiwezi kuwa ndogo kuliko sekta. Kwa sekta za 512, mebibaiti 100 zilitosha. Kwa sekta za 4096, klasta hizo peke yake zinakula karibu mebibaiti 256. Ukirudia ukubwa wa zamani wa mebibaiti 100, hutapata FAT32 halali, na ubao mama unaweza kukataa kuwaka. Mebibaiti 300 zinatosha; mimi huweka 1024 kwa ajili ya kerneli kadhaa.

Ukifika kwenye mifumo ya faili, toa lile faili la `sura.txt`. Unaweza kuzipa partisheni mpya UUID (namba za utambulisho) zilezile za zamani, na `/etc/fstab`, orodha ya partisheni za kufunguliwa, haitahitaji kuguswa:

```
sudo mkfs.fat -F 32 -i 1A2B3C4D /dev/nvme0n1p1
sudo mkfs.ext4 -U UUID-YA-ZAMANI /dev/nvme0n1p2
```

Namba ya FAT iandike bila kistari cha katikati. Kwa LUKS, amri ya kuanza nayo ni hii:

```
sudo cryptsetup luksFormat --type luks2 --sector-size 4096 /dev/nvme0n1p2
```

Tangu toleo la 2.4.0 cryptsetup huchagua yenyewe ukubwa unaofaa, lakini kuutaja hakudhuru.

Fungua partisheni mpya, rudisha mafaili kwa rsync ileile, mwelekeo ukiwa kinyume, kisha ingia ndani ya mfumo wako:

```
sudo mount /dev/nvme0n1p2 /mnt/mfumo
sudo mount /dev/nvme0n1p1 /mnt/mfumo/boot/efi
for d in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$d /mnt/mfumo/$d; done
sudo chroot /mnt/mfumo
grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi
update-grub
update-initramfs -u -k all
```

Hizi mbili za mwisho ni za Debian na ndugu zake. Kwenye Arch ni `grub-mkconfig -o /boot/grub/grub.cfg` na `mkinitcpio -P`.

Usiache `grub-install` kwa kudhani kwamba mafaili ya GRUB, programu inayowasha Linux, yamesharudi pamoja na mengine. Orodha ya kuwasha iliyohifadhiwa kwenye ubao mama hutaja partisheni kwa sekta inayoanzia. Endesha `efibootmgr -v` na utaliona hilo: ingizo la zamani lina `0x800`, yaani 2048, na jipya lina `0x100`, yaani 256. La zamani linaelekeza mahali ambapo partisheni haianzii tena. Anayetumia systemd-boot badala ya GRUB atumie `bootctl install` kwa lengo hilohilo.

Zinazochanganya sekta mbili tofauti

Hatari iliyobaki ni ya wenye diski zaidi ya moja. XFS, mfumo mwingine wa faili, iliyoundwa kwenye diski ya 512 kwa kawaida hujiandika kuwa na sekta za 512, na mfumo huo haufunguki ukihamishiwa diski ya 4096. Kwa hiyo ukitumia `pvmove` kuhamisha LVM kutoka SSD ya zamani kwenda mpya uliyoibadili, XFS iliyomo inaweza kugoma katikati ya maisha yake. Ndiyo maana LVM ya sasa hukataa kuchanganya diski za aina hizo kwenye kundi moja, isipokuwa uiruhusu kwa `allow_mixed_block_sizes`. Usiiruhusu, unda mfumo mpya na uhamishe mafaili. Vivyo hivyo kwa RAID ya mdadm, yaani safu ya diski zinazofanya kazi kama moja: ukiongeza diski ya 4096 kwenye safu ya 512, safu nzima inaweza kupanda hadi 4096. Kagua XFS yako kwa `xfs_info` na utazame `sectsz`.

SSD za SATA, zile za kebo ya aina ya zamani, karibu zote hubaki 512. Angalia kwa `sudo hdparm -I /dev/sda | grep -i "sector size"`. Kifaa kinachokubali hubadilishwa kwa `hdparm --set-sector-size 4096`, nayo inakudai uongeze `--please-destroy-my-drive`, maneno yanayosema ukweli mtupu. Diski za SAS, zinazotumika kwenye seva, hutumia `sg_format --format --size=4096`, ambayo haipaswi kukatizwa: ikikatika, diski haisomeki wala kuandikika hadi uirudie kazi tangu mwanzo.

Ukitaka kurudi 512, kwa mfano kabla ya kuihamishia diski kwenye kompyuta ya BIOS ya zamani, ni `nvme format --lbaf=0`, ukiwa na nakala ya mafaili mkononi kama mara ya kwanza.